Mbuga nyeusi inasifiwa kwa rutuba, mbona ng'ombe wangu wanakonda kuliko wa jirani mwenye kichanga?

#1 Mchunga Hesabu
Wakuu habari za jioni. Naombeni msaada kabla sijauza ng'ombe kwa hasira.

Nina eneo upande wa Kishapu, ekari 60 hivi, karibu lote mbuga. Udongo mweusi, mzito, ukilowa unanata kwenye buti mpaka unatembea kama umefungwa matofali miguuni. Jirani yangu yuko juu kidogo kwenye luseni, kile kichanga ambacho wote tunakidharau. Siku nanunua kila mtu alinipongeza: umepata mbuga, umepata rutuba.

Huu ni mwaka wa tatu. Mvua za kwanza za Novemba zikipiga, kwa jirani majani yanachipua ndani ya wiki. Kwangu nyufa bado zimekodoa macho, mkono unaingia mpaka kwapani. Kiangazi kikishika, kwangu majani yapo, tena marefu, lakini ng'ombe wanapita juu yake kama hawayaoni. Mwezi wa tisa mbavu zinahesabika. Jirani kwake pamenyolewa mpaka chini na ng'ombe wake wana nafuu.

Swali langu: udongo wenye rutuba unawezaje kuwa malisho mabaya? Au niliuziwa kitu kingine kinachofanana na mbuga?

#2 Mpita Njia
Nimekaa paleee nasubiri wataalamu.

#3 Mtemi wa Mtandaoni
Mkuu, jibu ni nyufa, tusizunguke. Mbuga ikikauka inasinyaa na kupasuka kwenda chini hata mita moja, mahali pengine zaidi. Mvua ya kwanza haiilowanishi, inatumbukia. Maji yanapita moja kwa moja kwenda ambako mzizi wa nyasi haufiki, juu unabaki na vumbi. Kichanga cha jirani hakina nyufa, kila tone linabaki linapohitajika. Funga uzi.

#4 Fundi Sampuli
Mtemi usifunge uzi mapema. Nyufa si adui tu, ndizo mlango wa maji. Udongo huu ukishalowa unavimba, nyufa zinajifunga, na kuanzia hapo maji yanaingia kwa kuchungulia, milimita chache kwa saa. Mengine yanasimama juu kama kwenye sinia. Bila nyufa za mwanzo huko chini kungebaki kukavu mwaka mzima.

Mimi naona tatizo ni namna mfinyanzi, yaani udongo mzito wa kunata kama huu wa mbuga, unavyoshika maji. Chukua mvua ya milimita 10. Kichanga kikavu kitalowa kama sentimita 10 kwenda chini. Mbuga kavu italowa 3, labda 4. Jua la Shinyanga siku mbili tu limeshazimaliza hizo 3. Halafu hata yaliyobaki ndani si yote ya mmea. Mfinyanzi unaweza kuwa na maji robo nzima ya ujazo wake na nyasi zikanyauka vilevile, kwa sababu chembe zake ni ndogo mno na zimeyang'ang'ania. Kichanga kinaachia mpaka kibaki na asilimia 5 hivi. Yaani mbuga ni tajiri bahili, kichanga ni maskini mkarimu.

Ndiyo maana penye mvua nyingi mfinyanzi unakishinda kichanga kwa majani, na penye ukame mambo yanapinduka. Wanaikolojia wamelichunguza hili jambo miaka mingi, na mpaka wa kupinduka wanauweka mahali kati ya milimita 300 na 500 za mvua kwa mwaka.

#5 Mtemi wa Mtandaoni
Hapo umejipiga mwenyewe bosi. Kishapu haipati 300. Mwaka wa kawaida inavuka 600. Kwa hesabu yako mbuga ilitakiwa kushinda 😀

#6 Fundi Sampuli
Jumla ya mwaka, sawa. Lakini ng'ombe hali wastani wa mwaka. Mleta mada kauliza kuhusu Novemba, wakati zimeshuka 40 tu na wiki mbili za jua katikati. Kwa wiki hizo yeye yuko jangwani.

Nakubali lakini umenikamata kidogo. Kiangazi chake sijakieleza.

#7 Kipara wa Igunga
Nimezaliwa kando ya Wembere, naomba niseme kwa lugha ya mfugaji. Babu yangu hakuwahi kulisha mbuga wakati wa mvua. Hata siku moja. Masika ng'ombe walikuwa juu kwenye vichanga, maji yakipungua wanateremka taratibu, na mbuga ilikuwa ya mwisho, Julai kuendelea. Huko ndiko kulikobaki unyevu na mabaki ya kijani kwenye mabonde.

Sasa wewe umenunua mbuga peke yake na umezungushia waya. Umenunua jiko, hukununua nyumba. Unalala jikoni halafu unauliza kwa nini hakuna kitanda.

Na masika ukilazimisha, ng'ombe wanafinyanga. Kila kwato inatoboa shimo, shimo linajaa maji, nyasi inazama. Mwaka 2024 ile mvua ya El Niño ilipopiga nilimpoteza fahali mzima, alizama mpaka tumboni jioni, asubuhi tumemkuta kachoka kabisa. Trekta lililokuja kumvuta nalo likakwama. Tukawa na misiba miwili.

#8 Mpita Njia
Trekta lilitoka lini?

#9 Kipara wa Igunga
Mwezi wa sita.

#10 Bint Kahama
🤣🤣 Poleni.

Mleta mada, mimi nina wasiwasi na sehemu ya pili ya swali lako. Watu wa mjini wakiona cheusi wanasema mbuga. Wazee wa Kisukuma wana majina karibu kumi ya udongo na kila jina lina mahali pake kwenye mteremko. Juu kwenye mawe kuna luseni. Kuna kikungu, ule mwekundu. Ukishuka unakuta isanga, halafu itogolo, wa kijivu wenye tabaka gumu chini. Halafu ibambasi, mgumu kama sakafu, hauna adabu kabisa. Chini kabisa kwenye bonde ndiyo mbuga. Na palipo na chokaa unakutana na ibushi.

Mwingereza mmoja, Geoffrey Milne, alikuwa kituo cha utafiti cha Amani kule Tanga, miaka ya 1930. Aliona mpangilio huu wa udongo kubadilika kutoka kilimani hadi bondeni na kurudia kilima baada ya kilima, akaupa jina la Kilatini, catena, lenye maana ya mnyororo. Dunia nzima leo wanasoma hilo neno vyuoni. Mpangilio wenyewe bibi zetu walikuwa wanautumia kuchagua pa kulima mtama na pa kulima viazi.

Swali kwako: una uhakika hukuuziwa ibambasi?

#11 Mama Majaruba
Bint umeongea vizuri, ila usimtishe na itogolo. Itogolo ndiyo inayotulisha wali. Lile tabaka gumu chini ndilo linazuia maji yasipotee, tunajenga majaruba hapo. Kwa mpunga ni dhahabu. Kwa ng'ombe sijui.

#12 Fundi Sampuli
Bint Kahama kagusa penyewe. Kuna mfinyanzi wa aina mbili ambazo kwa macho zinafanana na kwa tabia ni usiku na mchana.

Mbuga ya kweli ina chokaa nyingi. Ukiikausha inajivunja yenyewe juu na kuwa chengachenga, unaweza kuichota kama mtama. Ule mwingine una magadi. Magadi yakizidi, tuseme yakifika asilimia 15 ya madini yanayoshikiliwa na chembe za udongo, chembe zinaachana. Mvua ikinyesha zinaelea, zinaziba kila tundu, zikikauka unapata ganda. Maji hayapenyi, mbegu haichomozi. Mvua 800 kwako ni sawa na 300.

Kipimo cha bure: chukua bonge kavu la udongo ukubwa wa punje ya hindi, litumbukize kwenye glasi ya maji ya mvua, usitikise. Acha mpaka kesho. Likimomonyoka na maji yakabaki safi, huo mbuga. Maji yakiwa kama chai ya maziwa kuzunguka bonge, magadi hayo. Cha pili: dondoshea siki kwenye vile vijiwe vyeupe. Vikitoa povu ni chokaa.

Chimba mashimo matatu, si moja. Tuletee majibu.

#13 Mtemi wa Mtandaoni
Ukichimba Kishapu angalia vizuri, Mwadui ya almasi si mbali. Ukiona kinachong'aa niite kabla hujawaita hawa.

#14 Daktari wa Zizi
Naona mnajadili udongo kama vile ng'ombe anakula udongo. Ngoja niwarudishe kwenye mnyama.

La kwanza, majani. Mleta mada kasema mwenyewe kwamba majani yapo na ng'ombe hawali. Nyasi za mbuga nyingi ni zile za mashina magumu kama fito, zinakua haraka zikilowa, zinatoa mbegu, zinakomaa. Zikikomaa protini inashuka. Ikishuka chini ya asilimia 7 hivi, wadudu wa tumboni wanaomsagia ng'ombe chakula wanakosa nguvu. Tumbo limejaa, mnyama ana njaa. Kichanga cha jirani kinatoa majani machache mafupi, lakini laini. Mpe ng'ombe mashudu ya pamba kidogo na jiwe la chumvi uone atakavyoyashambulia hayo majani makavu.

La pili, na hili ndilo linanisumbua: mbuga inatuama maji. Penye maji yaliyotuama kuna konokono, penye konokono kuna minyoo ya ini. Kiangazi ng'ombe wote wanasongamana kwenye vidimbwi vya mwisho vyenye kijani, wanabeba mzigo. Anakonda, anapauka, wakati mwingine anavimba chini ya taya. Tangu mwaka wa kwanza umewahi kuwapa dawa ya minyoo ya ini? Nauliza ya INI, si ile ya minyoo ya tumbo inayouzwa kila duka.

#15 Mchunga Hesabu
Daktari, nawapa dawa kila miezi mitatu. Ya kawaida. Wa kuvimba taya yupo mmoja, nilidhani kagongwa na mwenzake.

#16 Daktari wa Zizi
Haya.

#17 Kipara wa Igunga
Daktari nakuheshimu, ila ng'ombe wa babu walikunywa vidimbwi hivyohivyo.

#18 Daktari wa Zizi
Na wangapi walikufa bila babu kujua sababu? Wazee walikuwa wanasema "amepigwa jicho".

#19 Kijana wa Kajiado
Salamu kutoka Kenya. Huku kwetu nyanda za Kapiti na Athi ni udongo huohuo, tunauita udongo mweusi wa pamba. Kwa Kimaasai uwanda wa namna hii unaitwa engusero, na ule mti wenye miiba na vinundu vyeusi vinavyopiga miluzi upepo ukivuma ni eluai. Mleta mada unao?

#20 Mchunga Hesabu
Ninao kama nywele. Huku tunauita ilula. Natamani kuung'oa wote.

#21 Kijana wa Kajiado
Usiung'oe wote ndugu yangu. Mbuzi wanakula, kuni zake ni nzuri. Lakini ni dalili ya udongo huu mweusi. Kuna kituo cha utafiti Laikipia kinaitwa Mpala, kiko juu ya udongo huu. Tangu 1995 wamezungushia ua viwanja 18, kila kimoja hekta 4. Vingine wanaingia ng'ombe peke yao, vingine wanyama pori peke yao, vingine wote, vingine hata tembo wanazuiwa. Walichokiona kuhusu ng'ombe na pundamilia kilinishangaza: kiangazi wakichanganyika ng'ombe wanapungukiwa uzito, lakini wakati wa mvua ng'ombe waliochangamana na wanyama pori waliongezeka uzito zaidi. Pundamilia anakula yale mashina magumu ya juu, anamfungulia ng'ombe majani laini ya chini.

Kwa hivyo shida yako huenda si udongo. Umekosa punda milia 😄

#22 Mtemi wa Mtandaoni
Basi tumtafutie punda wa kawaida. Kishapu wapo wengi.

#23 Daktari wa Zizi
Mtemi unacheka ila si wazo baya kabisa. Punda anakula mashina ambayo ng'ombe anayasusa.

#24 Jicho la Tai
Mbona mnamtisha mwenzenu. Serengeti nzima ni mbuga nyeusi na ndiko nyumbu zaidi ya milioni moja wanakozaa. Mbuga ni malisho bora kuliko yote Afrika. Tatizo ni menejimenti ya mleta mada.

#25 Fundi Sampuli
Jicho la Tai, hapana. Kule nyumbu wanakozaa, nyanda za majani mafupi kusini mashariki kuelekea Ngorongoro, si mbuga. Ni majivu ya volkano, yamemwagwa na milima kama Kerimasi na Ol Doinyo Lengai. Chini yake kuna tabaka la chokaa gumu kama saruji, miti inashindwa kupenya. Majani yake mafupi yana kalisiamu na fosforasi ya kutosha, ndiyo maana mama mwenye ndama anapapenda. Mbuga nyeusi ipo Serengeti pia, ila nenda upande wa magharibi kuelekea ziwani. Na nyumbu hakai huko wakati wa kuzaa.

Angalia nyumbu anavyofanya: mvua ikija anapanda kwenye udongo mwepesi, kiangazi anaondoka. Ni yaleyale ya babu yake Kipara.

#26 Kipara wa Igunga
Babu amefananishwa na nyumbu. Nitamfikishia salamu.

#27 Jicho la Tai
Nimesahihishwa, sawa. Lakini rutuba je? Mweusi vile lazima kuna mboji.

#28 Fundi Sampuli
Hapo ndipo wengi wanaponunua hewa. Weusi wa mbuga hautokani na mboji nyingi. Mboji yake mara nyingi haifiki asilimia 3, ila imeshikana na mfinyanzi kwa namna inayotia rangi kali. Ina kalisiamu na magnesi za kumwaga. Naitrojeni ni kidogo, fosforasi mara nyingi imefungwa na chokaa, zinki nayo shida. Kwa hiyo "ina rutuba" ni kweli nusu. Na hilo jina la udongo wa pamba limetoka India, nyanda za Deccan, Waingereza wakaja nalo. Halimaanishi kwamba pamba ya Usukumani ilianzia humo.

#29 Kijana wa Kajiado
Kuhusu fosforasi nina la kuongeza. Pita na ndege juu ya Laikipia utaona madoa ya kijani katikati ya weusi. Mengine ni vichuguu vya mchwa, vimepangana kama vimepimwa na fundi. Mengine ni maboma ya zamani. Samadi ya boma lililohamwa inabaki ardhini miaka makumi, wanyama wanarudi kulala na kula palepale. Sisi tunahamisha boma, udongo unapata chakula. Mleta mada zizi lako limekaa mahali pamoja miaka mitatu?

#30 Mchunga Hesabu
Limejengwa kwa zege.

#31 Kijana wa Kajiado
Aisee.

#32 Nondo na Kokoto
Samahani natoka nje ya mada kidogo. Hilo zege liangalie. Mimi ni fundi ujenzi, mbuga imenivunjia heshima mara mbili. Nyumba inapasuka kiangazi, ufa unaingiza kidole. Masika ufa unajifunga, mwenye nyumba anadhani amepona. Mwaka unaofuata unarudi na kaka yake. Msingi wa futi mbili kwenye mbuga ni kamari. Chimba mpaka upite udongo unaocheza, au utoe wote ujaze moramu, na maji ya paa yapelekwe mbali na ukuta.

#33 Mama Majaruba
Kwangu choo kimelala kama mnara wa Pisa. Wageni wanaogopa kuingia.

#34 Nondo na Kokoto
Mama nipe eneo nije nikione, ushauri ni bure.

#35 Mzee Kifimbo
Vijana, nimesoma yote. Hakuna aliyetaja ngitili, nashangaa.

Usukumani kila familia ilikuwa na kipande kinachofungwa mvua zikianza na kufunguliwa kiangazi kikiuma. Majani yanalala pale yakisubiri. Enzi za mkoloni misitu ilifyekwa kwa ajili ya mbung'o, halafu miaka ya sabini tukahamishiwa vijijini, ngitili nyingi zikaachwa nyuma. Shinyanga ikawa uwanja wa vumbi. Mradi wa HASHI, yaani Hifadhi Ardhi Shinyanga, ulianza 1986 na wakawa na akili ya kuturudishia kilekile tulichokuwa nacho. Hekta zilitoka mia chache zikafika zaidi ya laki tatu.

Udongo uliobaki wazi unapigwa na matone ya mvua, unafanya ganda, hata uwe mbuga, hata uwe ibambasi. Uliofunikwa na majani haupigwi. Mimi sioni kitendawili hapa. Huyu kijana anachungia ekari 60 zote mwezi wa kumi na mbili mpaka wa kumi na moja. Ana ng'ombe wangapi?

#36 Mchunga Hesabu
Shikamoo mzee. Arobaini na mbili.

#37 Mzee Kifimbo
Marahaba. Umesikia mwenyewe ulivyotamka.

#38 Mtemi wa Mtandaoni
Mzee heshima yako, ila naomba kupinga. Kama ni kuchungia kupita kiasi majani yangekuwa yameisha. Yeye kasema yapo marefu, hayaliwi. Jirani ndiye aliyenyoa.

#39 Mzee Kifimbo
Yale mazuri yameisha, yamebaki yasiyoliwa. Ndivyo malisho yanavyokufa, yakiwa yamesimama.

#40 Bint Kahama
Sikiliza hiyo tena. "Yakiwa yamesimama."

#41 Kijana wa Kajiado
Tukiwa bado kwenye eluai, mnajua vile vinundu ni nyumba za chungu, yaani sisimizi? Tembo akigusa tawi wanamshambulia puani, anaacha mti. Sasa Laikipia wameingia chungu wageni wenye vichwa vikubwa, wanawaua wale wenyeji. Mti unabaki bila askari, tembo wanavunja, uwanda unakuwa mweupe. Na simba wakakosa pa kujificha, wanawakamata pundamilia wachache kuliko zamani, wamehamia kwenye nyati. Utafiti umetoka 2024. Chungu mdogo vile kabadilisha menyu ya simba.

#42 Mpita Njia
Huu uzi ulianza na ng'ombe wa Kishapu, tumefika kwa simba. Naupenda.

#43 Mchunga Hesabu
Wakuu nimerudi. Wiki mbili kimya, nilikuwa kwenye mashimo. Asanteni wote.

Shimo la kwanza, chini karibu na korongo: weusi mtupu mpaka mita moja na robo, udongo unang'aa kama umepakwa mafuta pale ulipokuwa unateleza na kusuguana wenyewe. Vijiwe vyeupe vipo, siki imetoa povu. Bonge kwenye glasi limemomonyoka, maji safi.

Shimo la pili, katikati: juu sentimita 20 kijivu, chini pagumu, sururu imeruka ikanirudia. Glasi imekuwa maziwa. Nimerudia mara tatu, maziwa.

Shimo la tatu, upande wa jirani: juu mweusi wenye chengachenga, lakini glasi imekuwa na ukungu kidogo, si maji safi, si maziwa. Siki inatoa povu kuanzia juu kabisa.

Ya nne, sikuagizwa: yule wa taya alizidiwa, tumechinja. Ini nimelipeleka kwa mkaguzi wa nyama, kalipasua, limejaa minyoo bapa kama majani ya mchai.

#44 Daktari wa Zizi
Sina la kusema. Watibu wote, kisha rudia, na zungushia uzio kile kidimbwi, wanywee kwenye birika.

#45 Bint Kahama
Shimo la pili: IBAMBASI. Nilisema.

#46 Mtemi wa Mtandaoni
Shimo la kwanza: mbuga, nyufa. Nilisema.

#47 Fundi Sampuli
Kila mtu ana shimo lake 😅 Mleta mada, kipande cha katikati ndicho cha kushughulikia. Jasi inasaidia, inayatoa magadi kwenye chembe, na tunayo Itigi na Makanya. Ila kwa malisho gharama ya kusomba inaweza kuzidi bei ya ng'ombe. Kwanza peleka sampuli maabara, TARI Mlingano, wale wa utafiti wa kilimo, wanapima, upate kipimo cha kweli badala ya glasi yangu.

#48 Daktari wa Zizi
Ng'ombe mmoja mwenye minyoo hathibitishi 41 waliobaki, hilo naliweka wazi kabla hamjanirukia. Lakini jirani anywesha wapi?

#49 Mchunga Hesabu
Kisima cha pampu. Haingii kwenye kidimbwi changu.

#50 Mtemi wa Mtandaoni
Hapo Daktari kapata bao. Ila majani ya Novemba bado ni nyufa, siondoki.

#51 Kipara wa Igunga
Uliongea na jirani?

#52 Mchunga Hesabu
Niliongea. Amekubali ng'ombe wangu wapande kwake wiki sita za kwanza za mvua, na wake washuke kwangu kuanzia Agosti. Ila anataka mtamba mmoja juu, anasema mbuga yangu ni jina tu. Bado tunavutana.

#53 Mzee Kifimbo
Mpe dume.

#54 Mama Majaruba
Na hapo penye shimo la pili nipime jaruba moja tu, nakuomba. Maji si yanasimama?

#55 Bint Kahama
Mama, yana magadi hayo, mpunga utapauka.

#56 Mama Majaruba
Robo ekari tu, kwa kujaribu.

#57 Fundi Sampuli
Mchunga Hesabu, lile shimo la tatu linaninyima usingizi. Juu chengachenga, chokaa kuanzia juu kabisa, glasi katikati. Haiendani na lingine lolote. Ulipochimba, kulikuwa na kichuguu karibu?

#58 Mchunga Hesabu
Kipo, hatua kama kumi. Kikubwa, cha zamani, kimelala. Kwani vipi?